Kiti kimebaki wazi kwenye kamati ya esteti: kamati ijaze yenyewe au muite mkutano?

Siku mweka hazina wetu alipohamia Gulu kikazi, jioni yake pampu ya kisima ilizima. Mita ya Yaka, yaani ya umeme wa kulipia kabla, inayolisha pampu na taa za njia za ndani ilikuwa imeishiwa, na pesa za kununulia yuniti zilikuwa kwenye laini ya simu iliyosajiliwa kwa kitambulisho chake. Hakuwa ameiba hata shilingi moja. Alikuwa ndani ya basi, amekwishapita Karuma, simu imezima chaji, na huku nyuma watu wa nyumba 46 tulikuwa tumepanga madumu ya njano mbele ya bomba la jirani. Asubuhi yake alikuwa ametukabidhi vitabu vya risiti, tukamuaga kwa maneno mazuri. Hakuna aliyekumbuka kumuuliza habari za laini.

Tangu hapo, nikisikia esteti fulani imepoteza mjumbe wa kamati, huwa nauliza kwanza: alikuwa ameshika nini? Saini ya benki? Ufunguo wa chumba cha pampu? Mkataba wa walinzi? Au alikuwa anahudhuria tu vikao na kutoa mawazo? Jibu la swali hilo ndilo linaloonyesha njia ya kuijaza nafasi yake, kuliko hata jina la anayetaka kuingia.

Mimi ni katibu wa chama chetu cha wakazi, upande wa Namugongo, nje kidogo ya Kampala, Uganda, huu ni mwaka wa tisa. Tumetoka kila pembe: maafande wastaafu kutoka West Nile, wafanyabiashara Wakongo, walimu kutoka Busia, na familia za Kiganda zilizokuwapo hapa kabla geti halijajengwa. Mikutano yetu huanza kwa Kiingereza cha ajenda. Ikipamba moto inahamia Kiswahili na Kiganda. Katika miaka hiyo tumejaza nafasi iliyoachwa katikati ya muhula mara nne, si kwa njia moja, na mara moja tulikosea vibaya. Ninayoyaandika hapa yametoka huko.

Toeni karatasi kabatini kwanza

Njia kubwa ni mbili. Wajumbe waliobaki wamteue mtu, au wanachama wote waitwe wachague. Lakini msizipime kabla ya kujua chama chenu ni kitu gani mbele ya sheria, maana pengine uamuzi umeshaandikwa kwenye karatasi ambayo hakuna aliyeisoma tangu siku ilipopitishwa.

Kama mnaishi kwenye ghorofa ambalo kila fleti ina hati yake, mko chini ya Sheria ya Mali ya Kondominiamu ya mwaka 2001. Mpango wa jengo ukishasajiliwa, linazaliwa shirika ambalo wanachama wake ni wenye fleti wote, nalo lina bodi inayofuata kanuni za shirika hilo. Hapo kura haiendi kwa kuhesabu vichwa tu. Kila fleti ina uzito wake ndani ya jengo, na kura ya mwenyewe hupimwa kwa uzito huo. Mwenye fleti kubwa ya juu na mwenye chumba kimoja cha chini hawalingani, na mkihesabu mikono iliyonyooshwa bila kuangalia hilo, atakayeshindwa ana haki ya kuwarudisha mwanzo.

Esteti za nyumba za kujitegemea ndani ya ukuta mmoja, nyingine zimeandikishwa kwenye ofisi ya usajili, ile tunayoiita URSB, kama kampuni isiyo na hisa ambayo wanachama wake huwekeana dhamana tu, chini ya Sheria ya Makampuni ya 2012. Hao mnaowaita kamati pale getini ni wakurugenzi mbele ya msajili. Akitoka mmoja akaingia mwingine, msajili anapaswa kuarifiwa kwa Fomu namba 20. Naijua esteti ambayo kwenye rekodi za msajili ilikuwa bado inaongozwa na mtu aliyeuza nyumba yake akahama zamani. Walipokwenda kufungua akaunti mpya, benki ilifuata rekodi. Mwenyekiti halisi, aliyekaa kwenye kiti mbele ya karani, hakuhesabika.

Aina ya tatu ndiyo ninayokutana nayo zaidi: chama cha wakazi chenye katiba ya kurasa nne, muhuri wa raba, na cheti cha kikundi cha kijamii kutoka wilayani. Wengine hata cheti hawana. Kwa hawa katiba ndiyo kila kitu. Tafuteni kifungu kinachotaja nafasi kuwa wazi, akidi ya kamati, akidi ya mkutano mkuu, na siku za notisi. Vinne hivyo vinatosha kuanzia.

Na LC1? Mwenyekiti wa LC1 ni kiongozi wa serikali ya kijiji, mwenye halmashauri yake ya watu 10 na uchaguzi wake. Mkaribisheni ashuhudie, tena ni heshima kufanya hivyo, na barua yake ya utambulisho mtaihitaji mahali pengi. Lakini hana mamlaka ya kuwateulia mweka hazina wa chama chenu, na mkimwomba afanye hivyo ili kukwepa ugomvi wenu wenyewe, mnamtwika mzigo usio wake.

Kamati ikijaza yenyewe

Uzuri wake unaonekana mara moja. Wajumbe wanne wanakaa Jumanne jioni sebuleni kwa mmoja wao, chai ya tangawizi mezani, na kabla ya saa tatu usiku jina limepatikana. Hakuna hema la kukodi, hakuna viti vya plastiki, hakuna kubembeleza watu wahudhurie. Tena waliobaki ndio wanaojua pengo liko wapi hasa. Mkutano mkuu unaweza kuchagua mtu anayependwa, kumbe kamati ilikuwa inahitaji mtu anayejua kusoma mkataba wa kampuni ya ulinzi.

Njia hii imetufaa mara mbili. Mjumbe wa mazingira alipojifungua mapacha akaomba apumzike, tulimteua kijana wa nyumba ya nyuma ambaye tayari alikuwa akisimamia gari la taka kwa hiari yake. Hakuna aliyelalamika. Kila mtu alikuwa amemwona saa kumi na mbili asubuhi, ndala miguuni, akihesabu magunia.

Lakini mara ya kwanza tulipoitumia ilikuwa kwa nafasi ya yule aliyekwenda Gulu. Mwenyekiti wa wakati ule alimpigia simu rafiki yake, mtu mwema, mhasibu kwa kazi, naye akakubali. Sisi wengine tuliulizwa mmoja mmoja kwa simu, kila mmoja akajibu "sawa". Ijumaa tangazo likatoka kwenye kundi la WhatsApp: tumkaribishe mweka hazina wetu mpya. Hapakuwa na kikao, kwa hiyo hapakuwa na muhtasari. Mimi niliye katibu nililisoma tangazo lile nikanyamaza, na bado linaniuma.

Jibu la kwanza lilikuja upesi: "Tulimchagua lini?" Halafu la pili, halafu la kumi. Mwezi uliofuata waliolipa ada walikuwa 19 kati ya nyumba 46. Hakuna aliyemtuhumu yule bwana kwa wizi. Walisema tu kwamba watalipa wakijua pesa inakwenda mikononi mwa nani na nani alimweka. Benki nayo ilikataa kubadilisha watia saini kwa sababu hatukuwa na muhtasari wa kuonyesha. Askari wetu wawili wa usiku walikaa wiki saba bila mshahara. Mmoja wao, mzee wa Koboko, alikuja mlangoni kwangu na daftari dogo la shule. Alikuwa ameandika humo kila usiku aliolinda, tarehe moja kila mstari, kwa kalamu ya bluu, na pale kalamu ilipoisha akaendelea kwa penseli. Akaniambia kwa upole, "Mama katibu, mambo yenu ya kamati mimi siyajui. Mimi nahesabu siku tu."

Mhasibu alijiuzulu baada ya miezi mitatu. Simlaumu. Alikuwa na ujuzi wote tuliouhitaji, ila hakupewa kitu kimoja ambacho kamati haiwezi kumpa mtu anayeshika pesa za watu: ridhaa ya wenye pesa.

Kuna na tahadhari ya hesabu. Kamati ya watu saba yenye akidi ya wanne inaweza kumteua mmoja ikiwa wamebaki watano au wanne. Wakijiuzulu wanne kwa mpigo, watatu waliobaki hawana akidi, na mtu wa kwanza watakayemteua ataingia kwa mlango usiokuwapo. Hapo hamna la kulinganisha tena. Ni mkutano tu.

Mkutano ukichagua

Baada ya yule mhasibu kuondoka tuliita mkutano mkuu wa dharura. Katiba yetu inataka notisi ya siku 14 na akidi ya nusu ya nyumba, yaani 23. Jumapili ya kwanza, saa tisa alasiri, zilikuja nyumba 17 na mvua. Tukaahirisha, tukatoa notisi nyingine, nikapita mlango kwa mlango na karatasi. Wenye nyumba ambao wako kyeyo, yaani kazini ughaibuni, wengine Dubai, mmoja Boston, tuliwaandikia mapema watume barua za uwakilishi, maana asiyekuwepo na lake halipo. Mara ya pili zilikuja nyumba 34, nyingine kwa barua.

Wagombea walikuwa watatu. Aliyeshinda ni Hajati wa nyumba ya kona, ambaye kwa miaka mingi ameshika hesabu za duka la jumla kule Kikuubo, mtaa wa biashara katikati ya Kampala. Alisimama akasema sentensi tatu tu: kila mwezi ataweka karatasi ya mapato na matumizi kwenye ubao wa getini, hatapokea ada kwenye simu yake binafsi, na mtu yeyote akitaka kuona kitabu abishe hodi kabla ya magharibi. Akapata kura 27. Jioni ile ile, kabla viti havijarudishwa kwa mwenye kukodisha, watu wanne walimfuata na malimbikizo yao mkononi. Tuliwalipa askari wiki hiyo.

Kwa hiyo ndiyo, mkutano ni mzito. Unakula wiki nne hadi sita ukihesabu notisi na kuahirishwa, unakula pesa ya hema, na unamchosha katibu. Lakini aliyepita humo haulizwi "nani alikuweka".

Namna ya kupiga kura nayo ina uzito wake. Wengi wetu hapa Uganda tunakumbuka tarehe 10 Julai 2018, tulipochagua viongozi wa LC1 kwa kujipanga mstari nyuma ya mgombea. Mstari una sifa: kila mtu anahesabu kwa macho yake, na matokeo hayasubiri karani. Ila kwenye esteti mtu unayemkataa ndiye mnayetumia naye ukuta mmoja, na mtoto wake anacheza na wako. Mimi nimeona mama mmoja akisimama kwenye mstari wa mtu asiyemtaka kwa sababu mwenye nyumba wake alikuwa kwenye mstari huo. Kwa nafasi ya pesa na ya mwenyekiti, tumieni vikaratasi na ndoo yenye mfuniko. Kwa nafasi za kawaida, mikono inatosha.

Na nisiupambe mkutano kupita kiasi. Mkutano huo huo uliotupa Hajati ndio uliotupa, mwaka mwingine, mjumbe wa ulinzi aliyesema vizuri sana juu ya waya wa umeme ukutani, akashangiliwa, kisha hakuhudhuria kikao hata kimoja. Umati hupenda msemaji. Kama kamati ingemteua yenyewe, mtu huyo asingepita, kwa sababu sisi tulijua kwamba hata bulungi bwansi, kazi ya pamoja ya mtaa, ya kuzibua mtaro hajawahi kutokea.

Zikiwekwa bega kwa bega

Kwa muda, kamati inashinda bila ubishi: siku chache dhidi ya mwezi au zaidi. Kwa gharama vilevile. Kwa kumpata mtu mwenye ujuzi maalumu, naipa kamati nafasi kidogo mbele, mradi ikubali kutafuta nje ya marafiki zake. Huo "mradi" ni mkubwa. Watu watano waliozoeana humtafuta wa sita anayefanana nao, na baada ya miaka miwili kamati nzima inatoka barabara moja ya ndani.

Kwa kuaminika na kwa ukusanyaji wa ada, mkutano uko mbele sana, na kwangu hili lina uzito kuliko yote matatu yaliyotangulia. Chama cha wakazi hakina polisi. Kinaishi kwa mtu kutoa shilingi zake kwa hiari kila tarehe moja, na mtu huzitoa akiwa na imani.

Benki haijali njia mliyoifuata ikiwa katiba inairuhusu. Inachotaka ni muhtasari uliotiwa saini na mwenyekiti na katibu, barua ya azimio yenye muhuri, nakala za vitambulisho vya taifa na picha za pasipoti za watia saini wapya. Mteule wa kamati na aliyechaguliwa na mkutano wote wanapita hapo kwa mlango mmoja, karatasi zikiwapo.

Lipo na suala la kumtoa mtu. Mteule wa kamati, kwa katiba nyingi nilizozisoma, hukaa hadi mkutano mkuu wa mwaka unaofuata, ambapo wanachama humthibitisha au kumpumzisha. Hiyo ni nafuu kwa pande zote: akifaa anaendelea, asipofaa hakuna vita. Aliyechaguliwa na mkutano humaliza muhula wa aliyeondoka, na kumtoa kabla ya hapo kunataka mkutano mwingine. Kwa nafasi ambayo hamna hakika nani ataiweza, kuteua kwa muda ni kama kumjaribu fundi kwa chumba kimoja kabla ya kumpa nyumba nzima.

Njia nyingine, kwa ufupi

Kumpandisha aliyeshika nafasi ya pili kwenye uchaguzi uliopita kuna haki ndani yake na hakuna gharama. Ni njia nzuri ikiwa uchaguzi haujapita mwaka, alikosa kwa kura chache, na katiba inaruhusu au haikatazi. Zaidi ya hapo, kura zile zimechacha. Nusu ya waliompigia wameshahama.

Kuacha kiti wazi na kugawana kazi mpaka mkutano wa mwaka kunawezekana kwa mjumbe wa kawaida, miezi mitatu imebaki, na akidi haijaguswa. Usithubutu kwa mtia saini. Na mkimkaimisha mtu, andikeni tarehe ya mwisho ya kukaimu. Nchi hii ilikaa na viongozi wale wale wa LC1 tangu 2001 hadi 2018, ijapokuwa Mahakama ya Katiba ilishasema mwaka 2007 kwamba hawako kihalali chini ya mfumo wa vyama vingi. Jambo la muda lisiloandikiwa mwisho hujenga nyumba likakaa.

Kuajiri meneja wa mali au mhasibu wa kulipwa ni jibu la swali lingine. Atatunza vitabu, pengine kuliko sisi sote, na kwa ghorofa lenye lifti na jenereta namshauri kila mtu amwajiri. Lakini yeye ni mwajiriwa. Bado lazima awepo mjumbe wa kumsimamia na kuidhinisha malipo. Kiti kinabaki wazi vilevile.

Mwenye nyumba au mpangaji?

Hapa ndipo mabishano huwa makali, na naelewa kwa nini. Mwenye nyumba ameweka mtaji wa maisha yake ardhini. Barabara ikiharibika, thamani inayoshuka ni yake. Mpangaji naye ndiye anayekanyaga tope lile kila asubuhi, ndiye anayejua askari gani hulala, na mara nyingi ndiye mwenye muda. Kwenye esteti ambayo wenye nyumba wengi wako nje ya nchi, ukisema wenye nyumba tu, unabaki na watu watano wa kuchagua kutoka kwao, wote wamechoka.

Kwenye ghorofa la kondominiamu jambo lina mpaka wake: wanachama wa shirika ni wenye fleti, na mpangaji akitaka sauti humo aanzie kwa idhini ya mwenye fleti wake na kwa kanuni zinavyosema. Kwenye vyama vingine katiba inaweza kufungua mlango. Msimamo wangu ni kwamba mpangaji aliyekaa mwaka mzima na kulipa ada bila kusukumwa anafaa kwa ulinzi, mazingira, vijana, hata ukatibu. Kwa saini ya benki na kwa uenyekiti, awe mwenye nyumba anayeishi hapa hapa. Afande mmoja mstaafu alinipinga kwenye hilo la ukatibu, akisema mpangaji ataondoka na kumbukumbu zetu. Nikamjibu kwamba aliyeondoka na laini yetu alikuwa mwenye nyumba.

Mwenye nyumba aliye kyeyo nisingempa kiti, hata akiwa mkarimu vipi. Kikao cha kamati huitwa saa mbili usiku kwa sababu bomba limepasuka saa moja. Mpeni nafasi ya kushauri, muombeni achangie pampu, mpelekeeni muhtasari.

Angalieni na undugu. Mume na mke wasiwe kwenye kamati moja, na mtu mwenye kampuni ya ulinzi au ya taka inayolipwa na chama asikae upande wa wanaoidhinisha malipo. Msiendelee pia kumtafuta mtu asiye na kasoro mpaka mwaka uishe. Mchagua nazi hupata koroma. Mtu anayelipa ada yake, anayefika vikaoni, anayekubali kuulizwa bila kununa, huyo anatosha.

Mimi ningechagua hivi

Kiti kikiwa cha mweka hazina, iteni mkutano hata kama imebaki miezi minne. Wakati notisi inatembea, kamati imkaimishe mmoja wa wajumbe waliokwisha kuchaguliwa, awe wa kulipa umeme na mishahara tu, kwa kiwango mlichokiandika. Huo ndio mchanganyiko ambao ungetuokoa mwaka ule.

Kiti cha mwenyekiti nacho ni cha mkutano, ila hapo makamu yupo na hakuna haraka. Msimpandishe makamu moja kwa moja mpaka mwisho wa muhula isipokuwa katiba imesema hivyo kwa maneno yake.

Kwa katibu, kamati iteue. Ni kazi inayohitaji mtu mahususi kuliko mtu maarufu: anayeandika upesi, anayeweza kufuata mkutano unaoruka lugha tatu. Kiswahili kimo kwenye Katiba ya nchi kama lugha rasmi ya pili tangu mabadiliko ya 2005, kwa hiyo hakuna wa kutuzuia kukitumia mkutanoni, lakini benki na msajili wanataka karatasi za Kiingereza. Mpeni jaribio: mwache aandike muhtasari wa kikao kimoja, kisha ausome kwa sauti kwa Kiswahili au Kiganda mbele ya waliokuwapo. Wakitikisa kichwa kukubali, mmepata katibu.

Mjumbe wa kawaida ateuliwe na kamati, lakini tangazeni nafasi getini kwa siku saba kwanza ili anayetaka ajitokeze. Siku saba hizo hazigharimu kitu na zinawafungua mdomo watu ambao hamkuwafikiria. Yule kijana wa gari la taka alijitokeza hivyo.

Mkiteua, muhtasari uwe na sentensi isiyo na shaka. Ya kwetu siku hizi huandikwa hivi: "Kamati, ikiwa na wajumbe watano kati ya saba na hivyo kutimiza akidi, imemteua mkazi wa nyumba namba fulani kujaza nafasi ya mjumbe wa mazingira iliyoachwa wazi tarehe fulani, kuanzia leo hadi mkutano mkuu wa mwaka unaofuata, ambapo wanachama watamthibitisha au kuchagua mwingine." Tarehe, saini mbili, muhuri, na nakala kwenye ubao wa getini asubuhi inayofuata. Kama chama chenu ni kampuni na aliyeingia ni mkurugenzi, ile Fomu 20 iende wiki hiyo hiyo.

Makabidhiano yafanyike mchana, wa zamani na mpya wakae meza moja, katibu akiandika. Sisi huhesabu hivi: vitabu vya risiti, kilichotumika na kisichotumika, kwa namba za kwanza na za mwisho, kitabu cha hundi, taarifa ya benki ya mwezi huo, muhuri, funguo, kila moja na kibandiko chake, mikataba ya walinzi na ya taka, namba ya mita ya Yaka imeandikwa ukutani kwenye chumba cha pampu ili yeyote aweze kununua yuniti, na namba ya kupokelea ada, ambayo sasa imeandikishwa kwa jina la chama. Hajati huipiga namba hiyo pale pale mezani, tusikie simu ikiita mbele yetu, ndipo anasaini.